Mkanda Unaojifunga Wenyewe

Mume wangu ni fundi saa, na fundi saa akikosa saa za kutengeneza hutafuta kitu kingine cha kukifungua. Vita vilipokwisha, meli zikaanza kuleta saa mpya, wateja wake wakapungua, naye akaligeukia gari.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu la jeshi, lililopigwa mnada pamoja na mahema na masufuria. Vichochoro vyetu havikujengwa kwa ajili ya magari, kwa hivyo lilikaa mwanzo wa mtaa wetu wa Kuze, mbele ya baraza ya nyumba yetu, wanapokaa wazee na marafiki zake. Kiti cha mbele kilikuwa chake. Kiti cha nyuma kilikuwa chetu sisi wanawake, na kilikuwa na mapazia meusi madirishani na jingine nyuma ya dereva, ili mtu wa nje asituone. Kwamba na sisi hatukuwaona watu wa nje, hilo halikumkosesha mtu usingizi.

Siku moja tukipita barabara ya Ndia Kuu, mkokoteni wa hamali ulichomoza kutoka kichochoroni, mume wangu akashika breki kwa nguvu. Binti yetu, miaka mitatu, alikuwa amesimama mapajani mwangu. Aliniponyoka, akagonga mdomo kwenye chuma cha kiti cha mbele, jino likang'oka papo hapo. Nilifika nyumbani na damu ya mwanangu kifuani. Ndipo niliposema, na naomba msomaji akumbuke kwamba niliyesema ni mimi: "Huyu mtoto garini afungwe na kitu. Hata kama ni leso yangu."

Mume wangu aliganda. Macho yake yakawa yale anayoyavaa saa ya mtu ikimshinda. Kuanzia siku hiyo wazo likawa lake.

Alifanya kazi wiki nyingi. Alikusanya mikanda ya turubai ya askari, kamani, yaani springi, za saa kubwa za ukutani, kapi, na waya za breki za baiskeli. Kitu kilichotoka humo, lazima niseme ukweli, kilikuwa cha ajabu. Ulikaa kitini, ukafunga mlango, na mlango ukivuta waya, mkanda ulishuka wenyewe kutoka darini, ukapita begani na kifuani, ukaingia kwenye kufuli karibu na kiuno. Tak! Halafu kamani ikavuta ziada yote, mkanda ukakubana sawasawa. Huna haja ya kuinua hata kidole.

Aliujaribu kwa gunia la mchele. Gunia lilikaa kwa adabu zote. Alilipeleka mbio hadi barabara ya bandarini, akashika breki mara kumi, na gunia halikuteleza hata kidogo. Watu wa barazani walisimama kumpokea kama anarudi Makka.

"Mashallah, yakhe! Wazungu wenyewe hawana hini."

"Na hawatakuwa nayo mpaka waje kuniuliza," akasema mume wangu.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa nyumba, mlango wazi kidogo. Nikauliza, "Na kufungua, je?"

Swali la mwanamke kutoka nyuma ya mlango ni kama kikohozi. Mtu hungoja lipite. Lakini nililirudia, na mume wangu akatoa mfukoni mwa kanzu ufunguo wa chuma, mrefu kama kijiko cha kupakulia. Ulitiwa kwenye tundu chini ya usukani, ukazungushwa, na mikanda yote ya nyuma ikaachia.

"Kwa nini uwe mbele?" nikauliza. "Abiria asijifungue mwenyewe?"

"Abiria akijifungua mwenyewe, usalama uko wapi? Atajifungua kwa ujinga wake, gari likienda."

"Hasa wanawake," akasema mzee mmoja.

Wakacheka.

"Na watoto," mume wangu akaongeza, kwa upole, ili nisikasirike.

Mimi nimesoma hadi sekondari. Nimesoma hesabu na sayansi, kisha nikaolewa kabla sijaharibika zaidi, kama asemavyo wifi yangu. Sikuhitaji elimu hiyo yote kujua kwamba gunia la mchele halina shingo, halitokwi na jasho, na halijawahi kutaka kushuka garini. Nilimwambia usiku huo huo. Akaniambia nina maneno mengi.

Jambo moja zaidi: ufunguo ule hakuuacha kwenye tundu lake hata dakika. Aliogopa wezi. Si wezi wa gari, maana hakuna ambaye angelitaka lile gari. Aliogopa wezi wa akili yake. Kila aliposhuka, alishuka nao.

Basi, Ijumaa moja baada ya sala tulikuwa twaenda Likoni, ng'ambo ya maji, kumtazama mamangu, aliyehamia huko kwa dada yake. Nilimkalisha mtoto upande wa dirisha, nikakaa kando yake, mume wangu akafunga milango kwa fahari. Tak! Tak! Mtoto alicheka kwa sababu mkanda ulimtekenya.

Tulipofika Feri tulikuta foleni ya malori. Mtu wa feri akasema gari letu litasubiri safari ifuatayo. Jua lilikuwa limesimama juu ya paa. Mume wangu alishuka kunyoosha miguu, ufunguo mfukoni, na hapo hapo nikamsikia akipaza sauti ya mtu aliyeiona bahati yake.

"Salaam aleikum, sheikh! Habari za tangu lini! Habari za nyumbani? Watoto? Afya?"

Nikachungulia kwenye upenyo wa pazia. Alikuwa karani wa kampuni moja inayoleta magari, mtu ambaye mume wangu alikuwa akimwinda tangu gunia lile lifuzu mtihani. Karani alikuwa akipanda feri kwa miguu. Salamu zao nazijua: kwanza nyumbani, kisha kazini, kisha wagonjwa, kisha waliokufa mwaka huu. Karani hakusimama, aliitikia huku akitembea. Mume wangu naye akatembea. Nikauona ufunguo ukitoka mfukoni, ukipungwa hewani. Wakakanyaga feri. Kengele ikalia, mlango wa chuma ukainuka, na feri ikaondoka na mume wangu, na karani, na ufunguo.

Nilicheka. Wallahi nilicheka kwanza. Nikasema, acha aende, atarudi na feri hiyo hiyo na aibu yake.

Kisha mtoto akaanza kuchoka. Joto lilikuwa la tanuri. Alijisokota, akateleza kitini kama watoto wote wanavyoteleza, na mkanda, ambao ulikuwa umepimwa kwa gunia, ukapanda kutoka kifuani hadi kwenye koo. Nikaushika niusogeze. Kamani ikauvuta. Kila mtoto alipoteleza kidogo, ule mtambo ulikula ulegevu na haukuurudisha. Ulifanya kazi yake vizuri mno.

"Mama, kinanibana."

"Kaa juu, mamangu. Jivute juu."

"Siwezi."

Nilipenyeza vidole vyangu vinne kati ya mkanda na koo lake, nikavuta kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Mkono huo sikuweza tena kuutoa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefungwa, siwezi kumgeukia, siwezi kumwinua, mkono mmoja tu umebaki huru. Uso wake ulianza kubadilika rangi.

Nilipiga kelele.

Sasa sikilizeni heshima ya mji wetu. Pale Feri palikuwa na wanaume hamsini. Waliposikia sauti ya mwanamke ikitoka ndani ya gari lenye mapazia, waliinamisha macho. Wawili waliokuwa karibu walisogea mbali kidogo, wasije wakaonekana wanasikiliza mambo ya nyumba ya mtu. Mmoja, nadhani mtu mwema kabisa, aligeuza mgongo ili anisitiri. Nilipiga kelele ya pili, nikasikia mtu akisema kwa huruma, "Subira, bibi, mwenyewe yuwaja."

Aliyekuja ni muuza madafu. Nadhani ni kwa sababu yeye riziki yake ni kuitwa kwa kelele.

"Wataka dafu, mama? La maji ama la nyama?"

"Nataka panga!"

Akarudi nyuma hatua moja. Kisha, taratibu: "Panga la nini, mama?"

"Mtoto wangu ananyongwa humu ndani! Fungua pazia!"

"Babake yuko wapi?"

"Babake yuko baharini! Fungua pazia nakwambia, ewe mwanamume!"

Alifungua pazia. Aliona. Nitamshukuru mpaka kufa kwamba baada ya kuona hakusema neno. Alijaribu mlango, ukafunguka, lakini mkanda haukuachia, maana mlango ulijua kufunga tu. Aliweka panga mkononi mwangu kwa upande wa mpini, akaukamata mkanda kwa mikono miwili, karibu na dari, akauzuia usivutwe zaidi, na uso wake akaugeuzia mbali kabisa, kwa sababu buibui lilikuwa limeniteleza kichwani na yeye ni mtu wa adabu. Basi nikakata turubai la jeshi kwa panga la madafu, mkono wangu mmoja kwenye koo la mwanangu na mwingine ukikereza, na aliyenisaidia hatazami.

"Usitingishike, mamangu. Usitingishike kabisa."

Hakutingishika. Uzi wa mwisho ulipokatika, kamani iliuvuta mkanda darini kwa kishindo, na mtoto akavuta pumzi, akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile. Wangu niliukata bila taabu. Hasira ilikuwa imeshanipa nguvu za hamali.

Muuza madafu alitoboa dafu moja, akampa mtoto. Alikataa shukrani. Alisema tu, "Mwambie babake aweke mlango wa kutokea."

Feri ilirudi. Mume wangu alishuka akitabasamu, mpaka alipokiona kipande cha mkanda kikining'inia kwenye kufuli. Nanukuu maneno yake ya kwanza, kama alivyoyasema, mbele ya watu hamsini:

"Umeukata?"

Nilimbeba binti yangu, mstari mwekundu ungali shingoni mwake, nikapanda feri kwa miguu yangu.

Siku ya nne alikuja Likoni kunichukua. Alisimamisha gari uani kwa mamangu, akaniita dirishani. Nilitarajia msamaha. Badala yake alifungua mlango wa nyuma anionyeshe.

"Nimeshona upya. Maradufu. Hata panga haliingii."

Nilimtazama mume wangu kwa muda. Ni mtu mpole, hajawahi kuniinulia mkono, anampenda mtoto wake. Na hakuwa ameelewa hata chembe.

"Niruhusu nione inavyofunga," nikamwambia. "Kaa wewe, nione vizuri."

Akakaa, kwa furaha. Nikafunga mlango. Tak!

"Na ufunguo ni upi? Huo?"

Akanipa kupitia dirishani. Nikaufunga kwenye pindo la leso yangu, nikaingia ndani kumlisha mtoto.

Hakupiga kelele. Alijua majirani wangesikia. Nilimsikia akiniita kwa sauti ya chini, "Mke wangu. Mke wangu, ee." Nami nilimsagia mtoto ndizi kwa makini makubwa.

Kisha mamangu akatoka uani na sinia ya maji ya ndimu. Mkwewe huyu, hata siku moja hajawahi kumwona mamangu bila kuruka wima, kuinama na kumbusu mkono. Kumpokea mkwe umekalia makalio ni jambo ambalo kwetu mtu husimangwa nalo. Nilisimama dirishani nitazame.

"Shikamoo mama," akasema, akijaribu kuinuka. Kamani ikamrudisha. Akajaribu tena, ikambana zaidi. "Mama, nisamehe... siwezi..."

"Kaa, baba, kaa," akasema mamangu, na sauti yake ilikuwa asali tupu. "Usijisumbue kuinuka. Habari za mjini? Wazee hawajambo? Na biashara ya saa?"

Alimuuliza kila mtu mmoja mmoja. Alimuuliza hadi mashangazi wa baba yake. Jasho lilimtoka hadi kanzu ikashika mgongo. Mamangu alipomaliza ndipo akainama dirishani na kumwambia, bila asali: "Mjukuu wangu yuwavaa kitambaa cha dawa shingoni. Umekiona?"

Nilipotoka kumfungulia, alikuwa akilia kimyakimya, kama mtu asiyejua yalia nini macho yake. Sikumbembeleza. Nilitia ufunguo, nikazungusha, nikamwambia: "Mtoto atafungwa. Hilo nilisema mimi tangu mwanzo. Lakini anayefungwa lazima aweze kujifungua, na mkanda upimwe kwa mwili wake. La sivyo, uza gari."

"Hata mtoto wa miaka mitatu ajifungue?"

"Hata yeye."

Alirudi mjini peke yake. Wiki ile ile aliung'oa mtambo wote, kamani na kapi na waya, akaweka mkanda wa kawaida unaopita mapajani, na bizimu ya chuma kama ya mkanda wa suruali, inayofunguka kwa dole gumba. Ndipo mimi na mtoto tukarudi nyumbani. Nimesikia barazani anauita uvumbuzi wake wa pili, ulio bora kuliko wa kwanza, na wazee wameukubali. Swali la nani aliyeuomba bado halijaulizwa.

Binti yangu naye amejifunza bizimu kwa siku moja. Sasa akikiona kibaraza cha nyumba yetu kwa mbali hujifungua, gari bado linaenda, akasimama kitini kama kwanza, nami nikimfokea hadi sauti yanikauka. "Kaa! Jifunge! Gari halijasimama!" Anafunga. Anafungua. Anafunga. Dereva wetu, babake, hutazama mbele na hasemi kitu, lakini siku hizi huanza kupunguza mwendo mapema sana, tangu kona ya kwanza.