Mchungwa Ndani ya Pipa

Mama alipokimbia vita Mulekera, kule Beni, alifika kwangu Butembo na begi la nguo na mche wa mchungwa, aliokuwa ameupakata kwenye pikipiki njia nzima. Aliuotesha mwenyewe kwa mbegu ya mchungwa wa nyumbani. Nilitaka kuupanda uani, akakataa katakata. Alitaka pipa lililokatwa nusu, kwa sababu angerudi nao shambani. Nilicheka kidogo. Sasa ni mwaka wa tatu, hajarudi, na mimi sicheki tena.

Kila asubuhi alizoa majivu ya jiko la makaa akayamwaga shinani. Ndivyo alivyoilisha migomba yake maisha yote, nayo ilimzalia vizuri.

Mwaka jana majani machanga yakaanza kutoka ya njano, mishipa tu ikibaki kijani. Jirani akasema mti umepungukiwa chuma. Basi nikafukia nusu kilo ya misumari yenye kutu, kwa uhakika wa mtu asiyejua kitu. Bure kabisa. Nikanunua unga wa chuma kwa muuza dawa za mimea, nikaukoroga kwenye maji, nikanyunyiza kabla jua halijawa kali. Majani yaliyolowa yakapata madoa ya kijani. Yaliyochipuka baadaye yakatoka karibu meupe.

Mwishowe nikamleta agronome mmoja, mtaalamu wa kilimo anayesali nasi parokiani. Alichota udongo wa pipa hadi mizizini, akautazama ulivyogeuka kijivu, akanivuta pembeni.

"Nani anamwangaka majivu humu?"

Akanieleza kwamba udongo wetu mwekundu una chuma tele, lakini majivu yakizidi, chuma hukwama humo humo na mizizi haiwezi kukipata. Mti unakufa njaa chakula kikiwa mezani. Dawa ilikuwa kuacha majivu na kubadilisha udongo wote.

"Lakini mizizi imeshaoza," akasema. "Ungeniita mwaka yenye ilipita."

Ningeweza kunyamaza. Mama asingejua, angesema ni baridi ya Butembo, yakaisha. Lakini mimi ni mtu wa hasira za karibu, na asubuhi iliyofuata nilipomwona anakuja na karai lake la majivu, nikaropoka.

"Mama, acha! Ni ile majivu njo inaua muti!"

Akasimama. Uso wake sikuwahi kuuona hivyo, hata siku ile aliposhuka kwenye pikipiki.

"Donc, basi ni miye," akasema.

Nilijuta pale pale. Nikaanza kumweleza habari za chuma, mbio mbio, kwamba hakuna aliyejua, kwamba hata mimi na misumari yangu nilikuwa mjinga tu. Nikasema tutapanda mwingine. Alikuwa bado ameshika karai kwa mikono miwili.

"Sasa hii ya leo, papa, nitamwanga wapi?" akaniuliza, akiniita papa kama nilipokuwa mdogo.

Nikautazama ua wote, kona kwa kona, na sikupata pa kumwonyesha.