Nyayo Nilizozikanda

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha mazoezi ya viungo nilikabidhiwa beseni, taulo na mkasi wa kucha. Nilikuwa nimefanya kazi ya unesi wodini kwa miaka tisa, katika hospitali moja ya misheni hapa Mbinga, na mgongo wangu ulikuwa umechoka kuinua wagonjwa. Matroni akaona anihamishe. Sista aliyesimamia chumba kile, mtawa mzee aliyesomea kazi yake ng'ambo, aliitazama mikono yangu kabla hajaitikia shikamoo.

"Marahaba. Kucha ndefu hizo. Kata zote."

Nikakata, kisha akaniagiza nimwoshe miguu mama mmoja aliyepooza upande mmoja. Ndivyo nilivyoanza.

Kazi yenyewe huitwa rifleksolojia. Sisi tuliiita kukanda nyayo. Wanaoifanya huuchukulia unyayo kama ramani ya mwili: vidole ni kichwa, nyama iliyo chini yake ni kifua, uvungu ni tumbo, kisigino ni kiuno. Unabonyeza kwa kidole gumba, kikijikunja na kujinyoosha kama kiwavi anavyotambaa, bila kuruka mahali. Nilijifunzia kwenye mkono wa Sista mwenyewe. Nikizidisha nguvu, alisema, "Unakanda unga wa maandazi?" Nikilegeza, alisema, "Sasa unanitekenya."

Lakini jambo moja alilisema bila utani. "Batilda, mikono yako haitibu ugonjwa. Inampa mtu nafuu ili aivumilie tiba ya daktari. Mguu wenye ganzi usiuguse mpaka mwenyewe apimwe sukari maabara."

"Ndiyo, Sista."

Baada ya miaka minne Sista aliitwa arudi kwenye nyumba mama ya shirika lake. Mimi nikapelekwa zahanati moja kando ya Ziwa Nyasa, upande wa Ngumbo. Mganga Mfawidhi wa pale hakuiamini kazi yangu, ila alinipa chumba cha nyuma, "mradi usinifichie wagonjwa." Walikuja kina mama wanaoanika usipa, dagaa wa ziwa lile, miguu imechoka kwa kusimama mchangani tangu asubuhi. Waliinuka wepesi, wakaanza kuniita Daktari wa Nyayo. Mwanzoni nilikuwa nikiwasahihisha. Baadaye nikaacha.

Jina hilo lilinitangulia niliporudishwa Mbinga. Ndipo akaja Mzee Otmari, mkulima wa kahawa kutoka kijiji cha Ukata, mtu mrefu, mcheshi, ambaye bado alichimba mwenyewe ngoro zake, yale mashimo ya kulimia ya kwenye mteremko.

"Nesi, miguu inawaka kama nimekanyaga pilipili," alisema. "Usingizi sipati."

Nilimkanda. Juma lililofuata alirudi anacheka: amelala mpaka jogoo la pili. Tangu hapo akawa anakuja kila Alhamisi, na mara nyingi alileta mtu mwingine aje kuonja mikono yangu. Nilifurahi. Sikumpeleka maabara. Nilijiambia nitampeleka Alhamisi ijayo, na ukweli ni kwamba niliogopa wakimpa dawa, sifa itakwenda kwa dawa.

Alhamisi moja, msimu wa kuchuma, nilimvua buti la mpira ikadondoka punje kavu ya buni. Alikuwa ameikanyaga kutoka Ukata hadi kwangu bila kuisikia. Chini ya kidole gumba ilikuwa imechimba kidonda.

"Kumbe nimebeba mazao!" akasema. Tukacheka wote wawili. Nikakisafisha kidonda, nikakifunga, nikaukanda mguu wa pili.

Alhamisi zilizofuata hakuja. Baada ya majuma matatu mkewe alimleta akiwa na homa, unyayo umekuwa mweusi. Sukari ilikuwa juu sana. Mguu ukakatwa chini ya goti.

Mganga Mfawidhi wa hospitali aliniita ofisini. Hakupandisha sauti.

"Amekuwa akija kwako tangu lini?"

"Tangu kahawa ilipochanua, Daktari."

Alihesabu miezi kimoyomoyo. "Na maabara iko hatua ishirini kutoka mlangoni kwako."

Aliniandikia onyo, akanirudisha wodini, na huko nilibaki mpaka nilipostaafu.

Nilikwenda Ukata kumwomba radhi Mzee Otmari. Nilimkuta amekaa kibarazani, magongo yameegemezwa ukutani. Kabla sijafungua kinywa alimwita mkewe, "Njoo umsalimie mwanangu nesi! Bila huyu ningekatwa yote miwili." Mkewe akanishika mikono akaibusu. Nikanywa uji wao, nikaaga. Nilikwenda mara ya pili, na ya tatu, maneno nimeyapanga tangu nyumbani, na kila mara shukrani zao zilinitangulia.

Sasa mabinti wanaosomea tiba hii hunijia, wananiuliza pointi ya figo iko wapi, ya usingizi iko wapi. Nawaonyesha. Ni kazi nzuri, na mikono yangu ilifariji watu wengi. Kisha nawasimulia habari za Mzee Otmari, na kila mara mmoja huuliza kama hatimaye nilimwambia ukweli.

Sikumwambia. Alifariki mwaka juzi. Mkewe alisimama mazikoni, mbele ya padre na ukoo mzima, akasema marehemu ameacha agizo: nesi Batilda ashukuriwe kwa jina.

Watu wakageuka kunitazama. Nikainamisha kichwa, nao wakadhani ni unyenyekevu.