Njuga za Mbwa wa Nahodha

Haroub Mjaka alianza kumshuku Nahodha, mwenye mbwa wa msako, siku nguruwe alipompita hatua kumi, naye kashika bunduki, asijue kama kuna kitu kilichopita.

"Ulilala?" Mkadam, mkuu wa wasasi, alimuuliza.

"Nlale vipi na mie nimesimama? Mbwa hawakuja upande huu."

"Mbwa walikuwa nyuma yake pale pale, yakhe. Sote tumesikia njuga."

Haroub akazitazama nyuso za wenzake, moja baada ya moja. Wawili walikuwa wanatabasamu. Yeye hakusikia njuga. Kwa hiyo njuga hazikulia, na kama hazikulia basi yupo aliyefanya zisilie.

Haroub ni seremala wa milango, na karakana yake imo katika uchochoro wa Mji Mkongwe. Nyumba yake iko Kiembe Samaki. Kwa miaka thelathini Jumapili zake zimekuwa za msituni, katika vichaka vya maweni nyuma ya Chwaka, ambako nguruwe mwitu hula muhogo wa wakulima mpaka shamba likabaki mashimo. Nyama yenyewe wasasi hawaigusi. Wanachotaka ni muhogo upone na, tusifichane, wanataka pia ile raha ya kuwinda.

Kichaka cha maweni, kinachoota juu ya mawe matupu, ni kizito, huoni zaidi ya urefu wa mkono wako. Watu na mbwa huingia upande mmoja wakipiga makelele, wenye bunduki husimama upande wa pili. Kila mbwa huvishwa njuga shingoni, kengele ndogo za shaba. Msasi husikiliza njuga akajua nguruwe yuko wapi, na akajua pia pa kutopiga, maana nyuma ya mbwa kuna watu. Kituo cha kwanza, anapopita nguruwe mara nyingi, kilikuwa cha Haroub miaka ishirini. Mbwa na njuga ni za Nahodha, mkulima wa hapo hapo Chwaka, anayelea mbwa tangu utoto wake na kuwavisha njuga kwa mikono yake kila asubuhi ya msako.

Kwa nini Nahodha amfanyie hivyo? Haroub hakukaa sana kabla ya kupata jawabu. Shamsi, mkwe wa Nahodha, alikuwa amepata leseni mwaka ule na kupewa kituo cha pili. Wanataka kumsogeza. Basi.

Tangu hapo alianza kuona mengi. Wasasi wakinywa chai walizungumza kwa kunong'ona, wakaacha alipokaribia. Walicheka, naye hakuambiwa kichekesho. Hata nyumbani, mkewe, Zuleikha, alikuwa na tabia mpya ya kuzungumza kwenye simu kwa sauti ya chini.

"Una siri gani wewe?"

"Siri gani, Haroub, na mie nazungumza na dada yako?"

"Sasa unanong'ona nini?"

"Nanong'ona! Jirani kashajua mpaka bei ya kitenge nilichonunua, wewe waniambia nanong'ona!"

Masikio yake hakuyashuku hata siku moja. Alisikia adhana, alisikia ngurumo, alisikia ndege zikipita juu ya bati lake kwenda kutua, na sauti nzito ya Mkadam alisikia vizuri. Kiziwi hasikii, yeye anasikia.

Na wasasi wale walikuwa na desturi yao. Mtu akipiga risasi, sikio likabaki linalia kama nyenje kaingia ndani, wenzake humwambia, "Bunduki imekuamkia!" Naye huitikia kwa majivuno, "Marahaba!" Haroub aliitikia marahaba hizo miaka thelathini. Shamsi alipokuja mara ya kwanza na vifuniko vya masikio, vile vikubwa wanavyovaa watu wanaoongoza ndege uwanjani, msitu mzima ulicheka.

"Rubani kaja!"

"Shamsi, leo twasafiri saa ngapi?"

Aliyecheka zaidi alikuwa Haroub. "Msasi anayeziba masikio ni mpishi aliyeziba pua," alisema. Shamsi akavitia vifuniko mkobani, na hakuja navyo tena. Wengine walioogopa ule mlio walijitia pamba, na pamba mbele ya bunduki ni sawa na kujikinga mvua kwa chandarua.

Nami siwezi kulipita hili kimya. Bunduki ina leseni, mwenye bunduki ana leseni, kila risasi ina kibali chake. Watu wale walijaza fomu, wakapigwa picha, wakaulizwa mpaka majina ya babu zao. Hakuna hata mmoja, katika miaka yote hiyo, aliyeulizwa habari ya masikio yake. Tunahesabu risasi kwa uangalifu mkubwa, lakini mtu anayemalizwa na risasi hizo polepole hatumhesabu.

Siku nguruwe wa tatu alipompita, Haroub alimvuta Mkadam pembeni.

"Nahodha anaziba njuga. Anatia nta."

Mkadam akamvuta mbali zaidi na wenzao. Si tuhuma ndogo hiyo. Mbwa asiyelia njuga anaweza kumfanya msasi ampige mtu. "Una ushahidi?"

"Ntauleta."

"Jumapili ijayo, mbele ya wote. Ikiwa kweli, Nahodha na mbwa wake hawaingii tena msituni na sisi. Lakini Haroub, uwe na kitu mkononi. Yule hana jingine maishani mwake ila mbwa wale."

Mchana ule ule, mbwa walipokuwa wanakunywa maji baina ya msako mmoja na mwingine, Haroub alimkata njuga mmoja wao, aitwaye Mjeuri, akaifunga katika kitambaa na kuitia mfukoni.

Nyumbani alikaa uani, akaiweka juu ya meza ya kulia na kuimulika ndani kwa taa ya simu. Haikuwa na nta, wala kitambaa, wala udongo. Kigololi kilikuwa huru, akakiona kinacheza. Akaitikisa, kimya. Akaiweka karibu na sikio la kushoto, akaitikisa kwa nguvu. Kidoleni alihisi mtikisiko. Sikioni hamkufika kitu.

"Umeninunulia mbuzi?" Zuleikha aliuliza kutoka jikoni, na mafuta yanalia katika kikaango.

Haroub akaganda. "Nini?"

"Hiyo njuga. Nauliza kama umeleta mbuzi."

Mtu mwenye shaka haamini haraka. Alimwambia mkewe aende akasimame nje ya lango, auelekeze uso barabarani, anyanyue mkono kila akisikia. Alipotikisa, mkono ulinyanyuka. Alipoacha, ulishuka. Akadhani anaibia, anatazama kwa pembeni. Akamfunika kichwa kwa kanga. Mkono ukanyanyuka vilevile.

"Haroub, majirani wananitazama. Ni njuga ya nini hii?"

"Ya mbwa."

"Ya mbwa! Na mate yake! Na ulikuwa umeiweka juu ya meza ya kulia!" Alikuwa keshavua kanga. "Mara saba utaosha mikono, na mojawapo kwa udongo, na hiyo meza vilevile, kabla hujagusa kitu changu!"

Aliosha. Na huku anaosha, yote aliyoyakusanya kwa miezi yakaanza kumgeukia. Bunduki huanza kula sauti nyembamba: njuga, ndege wa mitini, sauti za wanawake, zile herufi sini na fe zinazotenganisha neno na neno. Ngurumo hukuachia, ili ujidanganye. Kwa anayepigia bega la kulia huanza na sikio la kushoto, maana ndilo linaloelekea mdomo wa bunduki. Kilicholiwa hakirudi.

Lakini kujua si kukubali. Jumatatu, karakanani, macho ya Haroub yaliangukia kopo la nta anayong'arishia milango. Ukubwa wa punje ya kunde ungetosha. Jumapili angesimama mkweli mbele ya watu wote, na kituo chake kingebaki chake. Aliilainisha kwa vidole, akaisukuma ndani ya njuga kwa ncha ya patasi, kigololi kikanasa. Akaitikisa asikilize.

Kilikuwa kimya kile kile cha jana. Kwake yeye njuga iliyozibwa na njuga nzima zilikuwa kitu kimoja.

Jumapili wasasi walikusanyika penye njia ya kuingilia maweni. Nahodha alikuwa amewashika mbwa kamba, hajui kilichomngoja. Mkadam akaeleza tuhuma, kisha akanyoosha mkono. Haroub akampa njuga. Mkadam akaitikisa, akaipeleka kwenye jua, akaingiza ukucha.

"Kuna nta," alisema.

Watu wakaguna. Nahodha akaachia kamba moja bila kujua. "Wallahi si yangu! Mie nitie nta? Kuna watu mle ndani! Kuna mkwe wangu!"

"Si yake," Haroub alisema. "Nimeitia mie, Jumatatu."

Mkadam akaitazama tena njuga kiganjani.

"Niliikata nzima, nikaitikisa, sikusikia. Nikaitia nta, nikaitikisa, sikusikia vilevile. Nguruwe wote watatu, mbwa walikuwapo na njuga zilikuwa zinalia."

Alifungua mkanda wa risasi kiunoni, akauweka juu ya jiwe, na bunduki iliyokunjwa mtutu, isiyo na risasi, pembeni yake. Mkadam hakumzuia.

Nahodha alimsogelea. "Ulipomkata Mjeuri njuga, msako wa pili aliingia bila kitu shingoni."

"Najua."

"Ungempiga."

"Ningempiga."

Nahodha akatema mate kando, akarudi kwa mbwa wake.

Haroub akamgeukia Shamsi. "Viko wapi vile vitu vyako vya masikio?"

"Viko nyumbani, Ami. Si mlinicheka?"

"Tulikucheka. Basi leo hupigi bila vile."

"Haiwezekani," Mkadam aliingilia. "Akivivaa atasikiaje njuga?"

"Vinakaa shingoni," Shamsi alisema, akionyesha kwa mikono. "Nasikiliza kwanza. Njuga zikishakaribia navipandisha, ndipo naweka bunduki begani. Ni kitambo kidogo tu."

"Na nguruwe akipita katika hicho kitambo?"

"Apite," alisema Haroub. "Watatu wamenipita mie, na muhogo bado unaota. Na si yeye peke yake. Kila mwenye bunduki hapa, kila risasi, hata ile moja ya kujaribia. Na marahaba zile tuache."

Baadhi walitazama chini. Mmoja alijaribu kucheka, akaona yuko peke yake. Mkadam alikuna ndevu, akatazama jua, akasema saa zinakwenda, pengine leo waendelee tu na wiki ijayo waangalie.

Nahodha akawafunga mbwa wote kwenye mti, fundo juu ya fundo. Akasema kitu huku amewapa mgongo. Shamsi akacheka kidogo, akaiendea pikipiki yake, akaiwasha.

Haroub alimwona akiondoka, akawaona wenzake wanakaa chini kungoja. Mwezi uliopita angezisoma nyuso zao akatunga mwenyewe kilichosemwa. Akamgusa Mkadam begani.

"Kasemaje?"

Mkadam akainama mpaka karibu na sikio lake la kulia. "Kasema mbwa hawatoki mpaka vifuniko vije."