L Inakaa Mkono wa Kulia

Mdomo wa mama yangu haukuwahi kupatana na herufi mbili, l na r. Kwake mchele ulikuwa mchere, lakini ilikuwa rakini, na mara moja ilikuwa mala moja. Watu wa Bungoma wengi tuko hivyo, na wenzetu wa Kitale, ninakofundisha Kiswahili siku hizi, hawachoki kutucheka. Wacheke tu. Wengi wao babu zao walitoka huko huko kwetu.

Ajabu ni kwamba mama alikuwa mpiga chapa. Alikuwa na kijiduka karibu na soko la Bungoma, chenye meza moja, mashine moja na benchi la wateja. Barua za kuomba kazi, kumbukumbu za vikundi vya akina mama, programu za mazishi, zote zilipita mikononi mwake, na sikumbuki mtu aliyerudisha karatasi ati l imekaa penye r. Mteja alisoma kwa sauti, mama akarudia kwa makosa yake yote, na bado karatasi ilitoka safi.

Siri yake niliijua nikiwa shule ya msingi. Mwalimu alitupa insha ya karamu ya harusi, nami nikaandika kalamu ya harusi kuanzia juu hadi chini. Nilichekwa hadi nikalia. Jioni nikamuuliza mama ipi ni ipi.

"Kwa mdomo mimi sijui, baba," alisema. "Ngoja niurize vidore."

Aliniita baba kwa sababu nina jina la babake, na kwetu ukirithi jina umerithi na cheo. Akaweka mikono yote miwili mezani kana kwamba mashine iko hapo, akafumba macho. "Ya kuandika," akasema, na kidole cha pete cha mkono wa kulia kikagonga. "Ya kura," akasema tena, yaani ile ya kula, na kidole cha shahada cha kushoto kikaruka juu. Basi, ikawa hivyo. L inakaa mkono wa kulia, R inakaa wa kushoto. Nilicheka kwamba chakula tunakila kwa mkono wa kulia lakini karamu yenyewe iko kushoto. Tangu siku hiyo mimi huandika kwa vidole kwanza. Hata leo, mbele ya darasa, nikiwa na shaka mkono wangu hugonga paja kabla haujagusa ubao. Wanafunzi wanadhani ni wasiwasi.

Kompyuta zilipofika mjini, mama aliiacha taipureta bila kinyongo, lakini kwa kibodi akawa mgumu. Alipata moja iliyotumika, kutoka ofisi iliyokuwa ikifunga kazi. Ilikuwa na rangi ya uji wa wimbi uliozidiwa na maziwa, nzito kama jiwe la kusagia, na vitufe virefu vilivyosimama kila kimoja na springi yake. Kila kitufe kilitoa sauti mara mbili, kikishuka na kikipanda. Fundi cherehani wa jirani alikuwa akimpigia kelele kutoka barazani, "Mama, leo bisi zimeiva?" Naye alijibu kwa kupiga kwa kasi zaidi, ili mwenzake ajue kwamba kazi ipo.

Nilipoanza kupata mshahara nilimnunulia mpya, nyembamba, nyeusi, isiyo na kelele. Nilijiona mwana mwema. Aliitumia siku chache, halafu nikaikuta imeegemezwa ukutani nyuma ya mlango, pamoja na ufagio.

"Hii yako haijibu," aliniambia. "Nabisha hodi, nabisha hodi, hakuna mtu kwa nyumba. Hii ya zamani nikigonga mrango, mtu anasema karibu."

Nilibishana naye. Nikamwambia herufi inaonekana kwenye skrini, na hilo ndilo jibu. Akaniuliza ni mpiga chapa gani anayeangalia skrini ilhali macho yake yako kwenye karatasi ya mteja. Nikanuna kidogo, maana sipendi kushindwa.

Siku hizi nasikia kuna vijana wa kompyuta huko Nairobi wanaozitafuta hizo za zamani kwa udi na uvumba. Wanasifu mlio wake, wanasifu uzito wake. Wapo wanaowabeza kwamba wanatamani enzi ambazo hawakuziishi. Mimi sidhani. Nadhani mtu huchoka kufanya kazi na kitu kisichomwambia kama amesikika.

Hilo nililielewa vizuri mama alipopata kiharusi. Upande wake wote wa kulia ulilala, na mdomo ule tuliozoea kuutania ukaacha kabisa kutoa maneno. Daktari alisema anaelewa kila tunachosema. Alipotoka hospitali nilimleta kwangu Kitale. Mke wangu alikaa naye mchana, na mimi nikitoka shuleni nilichukua zamu hadi kunapopambazuka, nikaoga, nikarudi darasani.

Kulikuwa na jambo alilotaka kusema. Kila nilipoketi kando yake alinikazia macho, koo likahangaika, ikatoka sauti isiyo na umbo, halafu machozi. Maji? Akatikisa kichwa. Choo? Mto? Dawa? Akatikisa kichwa. Shangazi alikuja kutoka Matulo kutusaidia, akasema bila shaka ni habari ya shamba, maana mzazi hawezi kukaa na neno la shamba kifuani. Mjomba alipiga simu akasema hapana, ni mahali anapotaka kuzikwa. Niliogopa. Niliogopa kwamba mama atakufa na neno lake, na mimi, mwalimu wa lugha, nimeketi hapo namtajia vitu kama mtu anayeuza dukani.

Nilimpa simu yangu aandike. Alilaza vidole vya mkono wa kushoto juu ya kioo, jinsi mpiga chapa anavyovilaza kabla ya kuanza, na kioo kikachukua kila mguso kuwa herufi. Ikajaa takataka. Simu nayo ikajitia ujuzi, ikazigeuza takataka hizo kuwa maneno ya Kiingereza. Mama aliisukuma ikaanguka chini. Kioo hakijui tofauti ya kupumzika na kusema.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, niliuona mkono wake wa kushoto juu ya blanketi. Vidole vilikuwa vimejipanga mstari mmoja na vilikuwa vinagonga. Niliondoka kwenda Bungoma bila hata kunywa chai. Kijiduka kilikuwa kimefungwa tangu augue. Ndani kulinuka vumbi na wino, na kibodi ilikuwa mahali pake, imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Niliibeba kifuani kama mtoto.

Kumbe plagi yake ni ya duara, na laptopu yangu haina tundu la namna hiyo. Niliporudi Kitale nikapitia kwa mzee mmoja wa Kisikh mwenye duka la vifaa vya stima, mtu ambaye hatupi hata kifaa kibovu. Alibonyeza kitufe kimoja, akakiachilia, akatabasamu peke yake.

"Mwalimu, hii niuzie mimi," alisema. "Naweka hapa mbele, kesho haiko."

"Si ya kuuza. Ni ya mama."

"Basi mama yako ako na masikio." Akapekua kopo lililojaa nyaya, akatoa kiunganishi kidogo, upande mmoja duara na upande wa pili bapa. "Hii watu wanatupa, halafu wanakuja kunililia."

Nyumbani tulimwinua mama kwa mito, nikaweka kibodi juu ya sinia mapajani mwake. Mkono wa kulia niliuweka mahali pake mimi mwenyewe, ukakaa tu. Wa kushoto haukuhitaji msaada. Kidole cha shahada kilitafuta kipele kidogo kilicho juu ya F, kikakipata, na vingine vikajipanga nyuma yake. Akavilaza vyote juu ya vitufe, na hakuna herufi hata moja iliyotoka. Kibodi ilimngoja. Kisha akaanza kugonga.

Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi. Shangazi alisimama. Sote tulikuwa tunangoja shamba, au kaburi. Kwenye skrini kukatokea neno moja: rarababa.

Mwalimu aliye ndani yangu aliona kosa kwanza. Nikadhani akili yake nayo imekwenda, na moyo ukanivunjika. Halafu nikalisoma kwa sauti, kama ninavyowaambia wanafunzi wafanye wanapokwama, na nikamsikia mama. Rara, baba.

L inakaa mkono wa kulia, na mkono wa kulia ulikuwa umelala. Hata nafasi kati ya neno na neno alifundishwa kuipiga kwa kidole gumba cha kulia. Alikuwa na mkono mmoja, na mkono huo ulikuwa na R tu. Kwa mara ya kwanza maishani vidole vyake viliandika jinsi mdomo wake ulivyosema. Wala hakuwa na neno la shamba. Majuma yote hayo alikuwa anayatazama macho yangu mekundu na shati nililovaa jana, akitaka kuniambia niende nikalale.

Nililia pale pale mbele ya shangazi, bila aibu. Mama hakunihurumia. Aligonga tena, polepole, kila kitufe kikishuka na kupanda: rara. Nikajua ataendelea hivyo hadi nitii. Nikavua viatu, nikajinyoosha kwenye mkeka kando ya kitanda chake, mchana kweupe, nikarara.