Kijiji Safi Ndani ya Simu

Juzi nilikuwa mgahawani Ngara mjini nikisubiri ndizi na maharage. Mpishi, dada mmoja mchangamfu, alikuwa ameinamia simu akicheza mchezo wa kujenga kijiji. Wanakijiji wake walikuwa wanatapika.

"Mpishi wao anachinjia jikoni," alitueleza kwa uchungu. "Damu iko chini, na yeye anapika hapo hapo. Namtoa. Naweka na mtu wa kufagia tu."

Huku akieleza, alichukua kitambaa alichofutia meza, akafutia sahani zetu. Karibu na jiko, kuku aliyefungwa miguu alikuwa akidonoa maganda.

Mama mmoja mtu mzima, aliyetoka Kirushya kuuza ndizi, aliisukuma sahani yake kwa kidole.

"Mwanangu," alisema taratibu, "na sisi tukitaka kula huko kwenye simu, tunaingilia wapi?"

Dada alikinusa kitambaa, akakitupa nje. Kisha akamtoa kuku, akaanza kuosha sahani upya.

Tulichelewa kula, lakini sikulalamika. Wanakijiji wa simu wakiharisha, mchezo unaanzwa upya. Mimi nilikuwa na safari ya bodaboda hadi Keza, na njia nzima ni mashamba ya watu.