Adhabu ya Kupanda Juani

Harufu ya kiazi kitamu kinachochomwa ndiyo inayonijulisha, hapa Guangzhou, kwamba jioni zimeanza kufupishwa. Mama mmoja husimamisha mkokoteni wake chini ya dirisha letu, na pipa la makaa juu yake, na moshi mtamu unapanda hadi ghorofa ya tatu tunakokaa. Miezi ya joto huwa hayupo. Akionekana yeye, najua jua nalo litaanza kutoroka. Miti ya huku haipukutishi majani kama ile ya kwenye kalenda. Inabaki kijani, watu wanatembea na mikono mifupi, ungedhani hakuna kilichobadilika. Lakini mwezi wa saba mjukuu wangu alikuwa akiruka kamba uani saa moja jioni nami nayaona meno yake yote, na sasa hata saa kumi na mbili haijafika naambiwa niwashe taa. Sisi tuliozaliwa Taita hatukuzoea jua lenye tabia hiyo. Kwetu linazama wakati wake mwaka mzima, kama mtu mwenye adabu. Basi nikiisikia harufu ya kiazi mwili unalegea, kichwa kinakuwa kizito, na mimi mzee mzima nasinzia kisu mkononi na kitunguu hakijaisha. Sishangai. Nimewahi kuishi mahali ambapo jua liliondoka kabla ya wakati. Nilikuwa mtoto, na nusura nikose shule kwa sababu hiyo.

Shangazi yangu Mkamburi aliolewa upande wa pili wa mlima, na boma lake lilikaa chini ya jabali kubwa jeusi. Mumewe alifanya kazi ya reli Voi, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Shangazi alikuwa na mtoto anayetambaa, ng'ombe mmoja mwenye roho mbaya, na kuku, hivyo akamwomba baba yangu amwazime msichana. Nikaazimwa mimi. Mapatano yalikuwa rahisi: nimshikie mtoto jioni yeye anapopika, naye mwaka ukianza atanipeleka shule iliyokuwa karibu na kwake. Nyumbani kwetu shule ilikuwa mambo ya wavulana. Si kwamba wasichana walikatazwa, hapana. Ni kwamba hakuna aliyewahi kuwafikiria. Mimi nilijifikiria. Nilikuwa nimemwona binti mmoja akisoma tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa kanisa, na kina mama watu wazima wamesimama nyuma yake wakingoja awaambie limesema nini. Nikataka nami kungojewa hivyo.

Nilifika wakati wa kipupwe. Miezi hiyo jua huhamia upande wa kaskazini kidogo, na pale kwa shangazi kuhama huko kulilipeleka moja kwa moja nyuma ya jabali. Ni alasiri bado, watu wa bondeni wameanika mahindi yao, na sisi kivuli kimeshatuingia. Kilianzia kwenye migomba, kikapita zizini, kikapanda ukuta wa jikoni, halafu ukungu ukashuka juu yake kama blanketi lililolowa. Kuku wa shangazi walikuwa wa kwanza kukubali. Waliingia kibandani mwao mmoja mmoja wakisukumana, na baada yao nililala mimi. Sikuamua kulala. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, mtoto mapajani, maharagwe yanatokota, moshi wa kuni mbichi unanichoma macho, na mara naamshwa kwa kofi, chakula kimeshapoa. Asubuhi napo nilikokotwa kitandani kama gunia. Shangazi akaninywesha shubiri akidhani nina minyoo. Nikatapika, nikalala. Akaninyima kimanga, mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, akidhani nashiba kupita kiasi. Nikalala na njaa yangu.

Jioni moja alikwenda kukamua, na aliporudi mtoto alikuwa ameniponyoka mapajani na kukaa karibu na mafiga, ngumi mbili zimejaa jivu lenye moto wake. Hakuungua. Shangazi alimnyanyua, akamkagua kidole kimoja kimoja, kisha akanigeukia.

"Wewe umetagwa au umezaliwa?" akaniuliza. "Maana kuku wangu wakiingia kulala, nawe huyo!"

"Nimezaliwa, shangazi."

"Basi sikiliza wewe uliyezaliwa. Mwanangu akiungua, hata ukucha tu, unarudi kwa baba yako. Na hiyo shule utaisikia ikipiga kengele ng'ambo ya mlima."

Juu ya tisho hilo akaniwekea adhabu. Majani ya ng'ombe yalikuwepo tele nyuma ya zizi, lakini mimi niliambiwa kila alasiri, kivuli kikishaanza kutambaa, nipande mpaka juu ya jabali nikakate ya huko. "Nataka uvivu ukutoke kwa jasho," alisema, akamfunga mtoto mgongoni mwake, akanipa mundu. Nilipanda nikilia na kamasi zikinifika mdomoni. Njia ilikuwa ya mawe yenye ukungu, nikishika mizizi kwa mkono mmoja. Nilipotokeza juu nikasimama. Jua lilikuwepo! Nilikuwa nimeshasahau kwamba saa zile huwa lipo. Lilikaa juu ya nyika ya Tsavo, kubwa, la njano, likinitazama usoni, na nyika nzima chini yake nyekundu kama sakafu iliyosiribwa jana. Nikakata majani nikiwa nimelielekea. Masikio yalipata joto, meno yakaacha kugongana. Nikashuka na mzigo kichwani likiwa linazama, nikaingia kwenye giza la boma la shangazi macho makavu kabisa. Nilimshika mtoto, nikamwimbia, nikaosha vyungu, nikafagia, na bado nilikuwa natafuta cha kufanya. Siku hiyo nilichoka kuliko siku zote, mabega yaliwaka moto. Lakini usingizi haukuja mpaka watu wote walipokwenda kulala, na asubuhi niliamka mwenyewe, nikawafungulia kuku mlango.

Shangazi alijisifu kwa majirani. "Mtoto ni kunyooshwa tu," aliwaambia kisimani, na mimi nimesimama hapohapo na mtungi kama mfano. Alipoona nimenyooka ya kutosha akanisamehe. "Umekuwa mtu sasa. Kesho usipande." Nikashukuru kama nilivyofunzwa. Hazikupita jioni nyingi, nikakutwa nimelala uso ndani ya ungo, unga umenijaa nyusi. "Uvivu umerudi!" akapiga kelele. "Juu!" Ndipo nami akili ikanifunguka. Tangu hapo, kila nilipouona uso wa shangazi unalainika, kila nilipohisi msamaha unakuja, nilisinzia. Lakini nilisinzia kwa hesabu: mtoto awe mikononi mwake yeye mwenyewe, moto uwe mbali, na nisikorome, nisije nikamuudhi akanirudisha kweli. Naye angesonya, angesema nimeshindikana, na kesho yake mundu ungekuwa umeegemezwa mlangoni unaningoja. Sikumwambia chochote. Alikuwa na furaha na adhabu yake, nami nilikuwa na furaha nayo. Ya nini kuiharibu? Kipupwe kikaisha, jua likatoka nyuma ya jabali, mtoto akaanza kusimama dede bila alama ya moto mwilini, na mwaka ulipoanza nikapelekwa shule.

Nilisoma madarasa manne, kisha shangazi akamfuata mumewe Voi nami nikarudi kwetu. Manne si mengi. Lakini nimeyatumia yote, sikubakisha hata moja. Nimesoma matangazo ya kanisa na kina mama wakiwa nyuma yangu, nimesoma majina ya dawa, nimelea watoto saba na hakuna hata mmoja aliyenidanganya kuhusu ripoti yake ya shule. Mmoja wao, Mshai, ndiye aliyenileta Uchina. Anawanunulia watu wa Mombasa na Nairobi nguo za jumla kule kwenye masoko ya Guangyuan Xilu, anatoka asubuhi na kurudi giza limeingia, vidole vina rangi ya jinzi. Bintiye ana jina langu, kwa hiyo namwita Somo. Na huyu Somo, tangu mama wa viazi alete mkokoteni wake, akawa analala juu ya kitabu cha herufi za Kichina, mate yanaziharibu.

"Mama, mwalimu akinipigia simu tena, huyu anarudi bodingi Mombasa," Mshai aliniambia. "Siwezi kuwa naacha mzigo nusu kwa laoban nikimbilie shule. Huyo bosi anauza kwa mwingine!"

"Mpe adhabu," nikasema.

"Adhabu gani?"

"Akitoka shule, kabla ya kitabu, apande juu ya paa akaanue nguo. Asishuke mpaka jua lishuke."

"Hiyo ni adhabu au ni mchezo?"

"Kwetu ilikuwa adhabu."

Baadaye Mshai akanionyesha simu yake, imeandikwa kwamba giza la mapema ndilo linaloita usingizi na mwanga ndio unaoufukuza. Nikamwambia aendelee kusoma, na mtoto aendelee kupanda. Mimi mwenyewe humfuata, pole pole, nikishika ukuta. Juu ya paa hakuna nyika. Kuna matangi ya maji, mabomba, mboga za jirani kwenye ndoo, na jua ni kipande chembamba kinachopita kati ya majengo mawili, rangi ya chai iliyozidi maziwa. Kinatutosha. Somo anashuka akiwa anaongea bila kupumua, anakaa na kitabu chake, nami namaliza kitunguu changu.

Juzi Mshai aliingia na kiazi cha moto cha bintiye, uso umelainika. "Mwalimu amenisifia mtoto," akasema. "Basi imetosha. Kesho asipande, apumzike." Somo alikuwa mezani. Alikipokea kiazi, akakiuma mara moja. Kisha kichwa kikaanza kushuka taratibu, kikatua juu ya kitabu. Mshai akasonya. Mimi nikainama kumtazama vizuri. Kope zilikuwa zinacheza, na mkono ulikuwa umekishika kiazi sawasawa kisiguse karatasi. Mimi miwani yangu iko chumbani, na bado niliuona uongo ule wote, wazi kama mchana. Nikabaki nimeinama vile. Shangazi Mkamburi hakuwa na miwani wala hakuihitaji. Alikuwa akimwona kupe kwenye sikio la ng'ombe akiwa amesimama mlangoni. Na mundu ulikuwa mlangoni kila siku, umenolewa.

"Umemwona?" Mshai akaniuliza.

"Nimemwona," nikamjibu. "Hajapona huyu. Kesho apande."