Kiti cha Mama Pasi

Behewa letu lilikuwa la tatu kutoka mbele, na lilikuwa na sheria ambayo wenye reli hawakuitunga. Waliopata viti mwanzoni mwa safari walikaa hadi stesheni ya darajani. Hapo waliinuka bila kuombwa, na waliosimama wakakaa. Aliyejifanya amesinzia tulimwacha alale, kisha hatukumsalimu wiki nzima. Asiyepanda treni ya alfajiri atasema hiyo si adhabu. Ajaribu kubanwa kifua kwa mgongo na watu wasiomsemesha, halafu aje tuongee.

Mama Pasi alikuwa mwenzetu wa humo. Jina alilopewa na wazazi hatukuwahi kumuuliza. Alipiga pasi mashuka ya hoteli katika kiwanda cha kufulia nguo, amesimama kutwa kwenye meza ya mvuke. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja aliyesomea uuguzi, amebakiza mwaka mmoja tu, na huyo binti ndiye aliyekuwa mazungumzo yake yote. Mitihani ya mtoto huyo tuliijua kuliko ya watoto wetu wenyewe. Mimi nashona mapazia na ulimi wangu ni mkali kuliko mkasi, basi nilikuwa nikimtania, "Mwenzangu, binti akihitimu mimi ndiye mgonjwa wake wa kwanza, maana nimemsomesha kwa masikio." Alicheka hadi akajifuta machozi kwa upindo wa khanga.

Tatizo lilikuwa miguu. Ilimvimba, kisha ikafanya vidonda juu ya vifundo, akawa anaifunga bandeji na kuvaa soksi ndefu juu yake. Kiwandani kwao mpiga pasi asiyeweza kusimama hana kazi, na bila kazi ile binti hana chuo. Kwa hiyo kule alitembea wima, akitabasamu. Kwenye treni alilegeza viatu na kuguna apendavyo.

"Humu ndimo ninapoumwa," alituambia. "Nikishuka, mimi mzima."

Aliyemwonea uchungu kupita sisi sote ni Kinanda, fundi bomba mmoja mwenye sauti ambayo akinong'ona, behewa la jirani linaitikia. Alimpenda Mama Pasi kama dada wa tumbo moja na kila siku alimgombeza aende hospitali. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema, na mama wa watu alimwitikia, "Ndiyo, kaka," kisha akabadilisha mada.

Asubuhi moja Mama Pasi alikosa kiti, akasimama karibu yangu akingoja daraja. Njiani akapanda mwanamume aliyevaa shati lililonyooka vizuri, mgeni kwetu, akasimama mbele huko akitupa mgongo. Tulipofika darajani waliokaa wakainuka kama kawaida. Yule mgeni alishangaa kuonyeshwa kiti, akashukuru, akakaa. Mama Pasi hakukaa. Nilimvuta mkono, akaukaza. Uso ulikuwa umemtota jasho na macho ameyaelekeza dirishani.

"Dada, zamu yako," Kinanda akasema.

"Sijachoka, kaka."

"Hujachoka na miguu hiyo?"

"Kaka, nakuomba."

Mtu mwingine angesikia ombi. Kinanda alisikia haya ya mtu asiyetaka kusumbua wenzake, na haya kama hiyo dawa yake kwa Kinanda ilikuwa moja tu. Akageukia behewa zima. "Jamani, mpisheni dada yetu. Ana vidonda miguuni, viatu havimwingii, na bado anasimama kutwa kupiga pasi mashuka ya watu. Tusimwonee."

Watu wakasogea. Yule mgeni aligeuza shingo, akamtazama Mama Pasi kwa muda, kisha akainuka. "Kaa hapa, mama," akasema kwa upole. Tulimsifu. Mzee mmoja alisema huyo kijana amelelewa, na Kinanda akampa mkono. Mama Pasi akakaa. Mgeni alisimama mbele yake ameshika bomba la juu, macho yako kwenye soksi zake, pale unyevu wa kidonda ulipokuwa umechora doa.

"Tangu lini?" akamuuliza.

"Si siku nyingi," Mama Pasi akajibu, na sauti haikuwa yake.

Waliposhuka stesheni moja, na yule kijana akapunguza mwendo kumngoja, ndipo nilipoanza kuelewa.

Alikuwa msimamizi wake. Siku zote huenda kazini kwa gari, ila siku hiyo gari lilikuwa kwa fundi. Hakumfokea wala hakumtukana. Alimkalisha ofisini, akamwagizia chai, akamwambia, "Mama, umetutumikia vya kutosha. Nenda kapumzike." Haya yote Mama Pasi aliniambia jioni, tukirudi. Wanasema wema hauozi. Aliyesema hivyo sijui kama alipata kuunusa. Mdomo huponza kichwa, nao ni ukweli, lakini huu wa Kinanda uliponza kichwa cha mwenziwe na cha kwake kikabaki salama mabegani.

Nilitaka nimwambie Kinanda siku ileile. Mama Pasi akanikamata mkono. "Usithubutu. Alinitakia mema. Atabeba kitu hicho maisha yake yote, na mimi kitanifaa nini?"

Kwa hiyo siku aliyokwenda kurudisha sare, aliwaaga wenzetu akisema ameamua kupumzika, binti karibu anamaliza. Watu wakampigia makofi. "Si nilisema mimi?" Kinanda akasema, anacheka. "Kiti kimoja tu kimemtia akili." Nikakaa kimya, ulimi wangu wote ule, na nilimchukia kwa furaha yake.

Miezi ilipita. Asubuhi moja akapanda msichana kutoka stesheni ya Mama Pasi, paji la uso lilelile, meno yaleyale. Kinanda alimtambua kabla yangu.

"Wewe si mtoto wa Mama Pasi? Nesi wetu! Mama hajambo?"

"Hajambo kidogo. Hatoki kitandani siku hizi."

"Pole, mwanangu. Na wewe uko hospitali gani?"

"Niliacha chuo. Napiga pasi, palepale alipokuwa mama. Msimamizi alituonea huruma, akanipa meza ya mama."

Kinanda akakunja uso. "Lakini mama si aliacha kazi mwenyewe?"

"Hapana," binti akasema, bila hasira, kama anayemweleza mtu njia. "Kuna mtu alimtangaza miguu humu kwenye treni, msimamizi akasikia. Mama hataki kabisa kumtaja."

Wote tuliokuwepo siku ile tulitazama sakafu. Kinanda akanitazama mimi, na sikuweza kumdanganya kwa macho.

Darajani aliinuka. "Kaa, mwanangu," akasema, na mimi niliyekuwa bega kwa bega naye nilimsikia kwa shida.

"Acha nisimame tu, mjomba," binti akamjibu. "Kule hakuna kukaa. Nataka miguu izoee."